Mteja, Kampuni na Mwamuzi

Historia haikai katika vita na wafalme peke yake. Imo pia katika karatasi ndogo ambayo mama yako huikunja na kuiweka chini ya kitambaa cha meza, yaani bili ya stima au ya maji. Watu wengi huitazama karatasi hiyo kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni jumla iliyoandikwa chini. Wakiiona kubwa huguna, wakiiona ndogo hushukuru, kisha huisahau. Lakini nyuma ya jumla hiyo ipo habari ya zaidi ya miaka mia moja, na lipo swali ambalo kila taifa lililowasha taa limelazimika kulijibu: mtu akidhulumiwa na kampuni ambayo hawezi kuihama, aende kwa nani?

Nataka nikupitishe katika habari hiyo, nami nitaanzia mahali ninapopajua, katika River Road. Barabara hii yapita katikati ya jiji la Nairobi, baina ya Barabara ya Tom Mboya na Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan. Mto ulioipa jina uko bondeni, mwendo mfupi tu. Humo mna mafundi cherehani, wauza simu, vinyozi, hoteli za chai na vyumba vya kulala wageni. Ghorofani mna vyumba vinavyorekodiwa nyimbo na filamu, hata watu wakaibandika kazi hiyo jina la Riverwood. Mwandishi Meja Mwangi aliitia barabara hii katika jina la riwaya yake ya mwaka 1976. Ni vigumu kutaja kazi moja ya River Road iwezayo kwenda siku nzima bila umeme, wala hoteli iwezayo kupika bila maji.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, wakati wa likizo nilipanga chumba katika ghorofa ya tatu ya jengo moja la huko. Tulikuwa wapangaji wengi, na mita ya umeme ilikuwa moja. Kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba alitangaza jumla, akaigawanya sawasawa kwa vyumba. Dobi aliyepiga pasi mchana kutwa na mimi niliyekuwa na taa moja tulitoa fedha sawa. Siku moja nilimwomba anionyeshe bili yenyewe. Alinitazama kana kwamba nimemwomba kitabu chake cha benki, akaniambia kuwa asiyependa ahame. Nikanyamaza, nikalipa. Nimekuwa mwalimu wa historia kwa miaka kadhaa sasa, na kila nifundishapo habari za watu walioonewa bila kuacha maandishi nyuma yao, hukikumbuka kimya changu cha siku ile.

Kwanza yafaa tujue kwa nini umeme na maji si bidhaa kama nyingine. Ukienda Marikiti ukaona nyanya za muuzaji mmoja ni ghali, huna haja ya kugombana naye. Utapiga hatua tatu, ununue kwa jirani yake. Muuzaji azijua hatua zile tatu, naye kwa kuziogopa hushusha bei na kuzitupa nyanya zilizooza. Umeme na maji haviuzwi hivyo. Gharama ya kusimamisha nguzo na kuchimba mitaro ni kubwa mno, na kampuni mbili zikichimba barabara moja, wateja wale wale ndio watakaolipia mitaro miwili. Kwa hiyo karibu kila nchi imeona heri mtaa mmoja uhudumiwe na waya wa kampuni moja na bomba la kampuni moja. Hali hii ya kuuza peke yako pasipo mshindani huitwa ukiritimba. Ina faida yake, lakini pia ina hatari yake, kwa maana mteja hana hatua tatu za kupiga. Akichukia, atakaa gizani.

Basi zinapokosekana hatua zile tatu, hapana budi kitu kingine kishike mahali pake. Ni kitu gani? Jibu moja lilianza mbali na hapa. Katika karne ya 19, wakulima wa jimbo la Illinois, Marekani, walipeleka nafaka yao katika mji wa Chicago, ambako iliwekwa katika maghala makubwa kabla ya kusafirishwa. Maghala hayo yalikuwa mikononi mwa watu wachache. Wenye maghala walijua kuwa mkulima hana njia nyingine, wakatoza walivyopenda. Wakulima walilalamika hata bunge la jimbo likatunga sheria ya kuweka kikomo cha malipo. Wenye maghala wakabisha, wakasema mali ni yao na serikali haina ruhusa ya kuipangia bei. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1877, katika kesi ya Munn na jimbo la Illinois, majaji waliamua kwamba mtu akiitumia mali yake katika jambo ambalo umma mzima unalitegemea, umma nao una haki ya kuisimamia mali hiyo kwa manufaa ya wote.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1907, majimbo ya Wisconsin na New York yalifuata fikira hiyo, yakazipa tume kazi ya kusimamia bei na huduma za gesi na umeme. Tume hizo hazikuwa kampuni, wala hazikuwa mteja. Zilikaa katikati, zikawa na uwezo wa kufungua vitabu vya kampuni na kusikiliza lawama za raia. Huyu mtu wa tatu, ambaye katika Kiswahili cha leo twamwita mdhibiti, ndiye mwamuzi ninayemkusudia katika kichwa cha insha hii.

Sasa turudi nyumbani. Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli, na taa za umeme zilifika humo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 1922 kampuni ya umeme ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana, zikawa East African Power and Lighting Company. Kituo cha Ndula, karibu na Thika, kilianza kuzalisha umeme kwa nguvu za maji mwaka 1925. Baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Jinja mwaka 1954, Kenya ilianza kununua umeme wa Uganda. Kampuni ile ya 1922 ilibadilishwa jina mwaka 1983, ikawa Kenya Power and Lighting Company, nayo ndiyo ambayo leo watu huiita Kenya Power.

Katika muda huo wote, mtu mwenye lalamiko alikwenda wapi? Alikwenda kwa kampuni yenyewe. Alisimama mbele ya karani, akaeleza, akaambiwa arudi kesho. Na huyo alikuwa na bahati, kwani alikuwa na mita. Wakati wa ukoloni Waafrika wengi wa Pumwani na Kawangware hawakuwa na waya wala kura. Hawakuwa wateja wa kampuni, wala hawakuwa wapiga kura wa baraza la mji. Baada ya Uhuru serikali ilijipatia hisa nyingi katika kampuni, na idhini ya bei ilikuwa mikononi mwa waziri. Wakati huo, basi, serikali ilikuwa na mkono katika kuuza, na pia ilikuwa na neno la mwisho katika bei. Kwa upande wa maji mambo yalikuwa hivyo hivyo. Halmashauri ya Jiji la Nairobi ndiyo iliyokuwa na mabomba, ndiyo iliyoandika bili, na ndiyo iliyosikiliza lawama juu ya bili hizo. Wazee wetu walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakumtukana mwamba ngoma kwa kusema hivyo. Walieleza tabia ya binadamu, kwamba hata mtu mwema hawezi kuhukumu vyema shauri lake mwenyewe.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa karne. Sheria ya Umeme ya mwaka 1997 iliitenga kazi ya kuzalisha umeme na kazi ya kuusambaza, tena ikaunda Bodi ya Kudhibiti Umeme. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii mtu wa tatu aliketi baina ya nguzo ya umeme na mfuko wa mteja. Bodi hiyo ilikuwa bado changa wakati ukame ulipokausha mabwawa ya Mto Tana, na mwaka 2000 umeme ukagawiwa kwa zamu nchini. Mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Maji, na kutokana nayo ikaundwa Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, iitwayo WASREB kwa kifupi. Jiji la Nairobi likapata kampuni yake ya maji, iliyo mbali na idara za Halmashauri. Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 iliipanua kazi ya bodi ya umeme, ikaifanya Tume ya Kudhibiti Nishati, tena ikaweka Baraza la Rufani la kusikiliza wale wasioridhika na uamuzi wa Tume. Hatimaye Sheria ya mwaka 2019 iliigeuza Tume hiyo kuwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA.

Katikati ya miaka hiyo lilitokea jambo kubwa kuliko sheria hizo zote, nalo ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 46 champa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari azihitajizo, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro za bidhaa au huduma hizo. Yaangalie maneno hayo, msomaji. Tangu siku ile, mtu aulizaye jinsi bili yake ilivyohesabiwa haombi hisani. Anadai alichopewa na taifa lake.

Huenda ukauliza: lalamiko husafiri vipi? Tuseme fundi cherehani wa River Road amezoea kulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mwezi huu ameletewa bili ya shilingi 9,000. Hatua ya kwanza ni kwenda kwa kampuni, wala si kwa mdhibiti, kwa maana si haki kumshtaki mtu kabla hajapata nafasi ya kusahihisha kosa lake. Fundi ataeleza neno lake, na asiondoke bila kupewa namba ya lalamiko. Kampuni yapaswa kuchunguza. Huenda msoma mita hakufika mwezi uliopita, akakisia. Huenda mita ni mbovu. Huenda deni ni la mpangaji aliyetangulia. Huenda pia fundi mwenyewe alinunua pasi mpya akasahau kuwa pasi hula umeme mwingi. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa, ndipo atakapomwandikia mdhibiti, akiambatisha bili, risiti na ile namba. Mdhibiti ataitaka kampuni ijibu kwa maandishi, atazipatanisha pande mbili zikikubali kupatana, na zisipokubali atatoa uamuzi. Asiyeupenda uamuzi huo anaweza kwenda katika Baraza la Rufani, na baada yake Mahakama Kuu.

Waona kuwa njia hiyo nzima imejengwa kwa karatasi. Fundi aliyepiga kelele dirishani akaenda zake hana alichokiacha isipokuwa hasira. Yule aliyepata namba ameacha jambo ambalo kampuni itaulizwa habari zake.

Yapo malalamiko ya mtu mmoja, na yapo ya watu wengi kwa pamoja. Haya ya pili huhusu bei yenyewe. Kampuni haiwezi kupandisha bei kwa kupenda kwake. Yapasa ipeleke maombi kwa mdhibiti, ionyeshe gharama zake, na umma usikilizwe kabla ya uamuzi. Lakini pamoja na bei ya msingi ziko gharama nyingine zinazobadilika kila mwezi, kama gharama ya mafuta ya kuendeshea mitambo wakati wa ukame, nazo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali. Haba na haba hujaza kibaba, na mteja asiyesoma mistari yote ya bili hajui kibaba chake kimejazwa na nini.

Mwaka 2018 jambo hili lilitikisa nchi. Mwezi wa Januari wakili Apollo Mboya, aliyepata kuwa mtendaji mkuu wa Chama cha Mawakili wa Kenya, aliishtaki Kenya Power katika Mahakama Kuu. Hoja yake ilihusu shilingi bilioni 10.1 za gharama ya mafuta ya siku zilizopita, ambazo kampuni ilitaka kuzipata kutoka kwa wateja. Mahakama ilitoa amri ya muda ya kuzuia utozaji huo. Baadaye mwaka ule pande mbili ziliafikiana, ingawa si watetezi wote wa wateja walioridhika na maafikiano hayo. Nia yangu hapa si kumhukumu mmoja wao. Nataka uone kwamba shauri lilianza kwa watu kutazama bili zao na kuulizana mbona mwezi huu ni hivi.

Katikati ya mwaka huo huo Tume ilitangaza bei mpya. Hebu tuzipige hesabu, kwa maana lalamiko lisilo na hesabu halina meno. Hapo awali mteja wa nyumbani alilipa shilingi 150 kila mwezi, atumie asitumie, kisha shilingi 2.50 kwa kila yuniti mpaka yuniti 50. Tume iliiondoa ile shilingi 150, jambo ambalo wananchi walikuwa wakililia. Lakini bei ya mnyonge ikawa shilingi 12 kwa yuniti 10 tu, na aliyepita hapo alitozwa shilingi 15.80 kwa yuniti. Mtu aliyetumia yuniti 10 kwa mwezi alinufaika. Zamani alilipa shilingi 175, sasa akalipa 120. Lakini aliyetumia yuniti 50, ambaye bado ni mtu wa kipato kidogo mwenye taa, redio na pasi, aliumia. Zamani alilipa shilingi 275. Sasa bei ya msingi ikapita shilingi 700, kabla ya kodi na gharama nyinginezo.

Malalamiko yakafurika, na mara hii watu walikuja na bili mikononi. Tume ikakaa tena mezani. Kuanzia Novemba 2018 ikaweka bei ya shilingi 10 kwa kila yuniti kwa mteja wa nyumbani asiyepita yuniti 100 kwa mwezi, na biashara ndogo zisizopita kiasi hicho zikapewa bei hiyo hiyo. Yule wa yuniti 50 akashuka mpaka shilingi 500. Hakurudi kwenye 275, lakini alisikilizwa. Vinyozi na mafundi wadogo wa River Road nao wakapata nafuu ambayo mwezi wa Julai haikuwapo. Mdhibiti aliyekosea akasahihisha ndani ya miezi michache si jambo dogo katika historia ya nchi yetu.

Hata hivyo tusifikiri kwamba kila bei inayopanda ni dhuluma, na kila bei inayoshushwa ni haki. Nchi jirani ya Tanzania yatupa mfano wa kutafakari. Huko mamlaka ya udhibiti, EWURA, mwishoni mwa Desemba 2016 iliidhinisha bei ya umeme ipande kwa wastani wa asilimia 8.5, baada ya kuyapima maombi ya shirika la TANESCO. Kabla bei hiyo haijashika, waziri aliizuia, na siku ya kwanza ya Januari 2017 Rais Magufuli alimwondoa kazini mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Wananchi wengi walifurahi, na ni nani asiyefurahi bei isipopanda? Lakini mwanafunzi wa historia yampasa aulize swali la pili. Ikiwa uamuzi wa mwamuzi waweza kufutwa kwa siku moja kwa sababu unatupendeza ufutwe, ni nini kitakachozuia ufutwe siku nyingine kwa kutuumiza? Mwamuzi huru hupendeza na huchukiza, na hatuwezi kumtaka kwa upande mmoja tu.

Nimesema sana juu ya umeme, na sasa nirudi kwenye maji, kwa sababu humo mna funzo ambalo mimi huliona kuu kuliko yote. WASREB, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilianzisha mpango uitwao MajiVoice, ambao humwezesha mteja kupeleka lalamiko kwa simu ya mkononi au kwa mtandao, akapewa namba na kufuatiliwa mpaka mwisho. Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuutumia. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2016 yasema kwamba malalamiko yaliyoandikwa yalipanda kutoka 400 hivi kwa mwezi hadi zaidi ya 4,000.

Mtu wa haraka akisikia hivyo atasema, "Kumbe maji ya Nairobi yaliharibika mara kumi!" La, sivyo. Mabomba yalikuwa yale yale. Maji yaliyofunguliwa kwa zamu katika mitaa mingi yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni kwamba kilio kilipata daftari. Na taarifa hiyo hiyo yaeleza kuwa malalamiko yaliyotatuliwa yaliongezeka kutoka asilimia 46 hadi asilimia 94. Kabla ya hapo, watu 3,600 na zaidi kila mwezi walikuwa na shida ambazo hazikuonekana katika kitabu chochote. Kama ungeandika historia ya maji ya Nairobi kwa kutegemea vitabu vya miaka ile, ungeandika kwa nia njema kabisa kwamba watu wengi waliridhika.

Hapo ndipo nilipokielewa kimya changu cha ghorofa ya tatu. Mimi pia sikuwamo katika kitabu. Jina lililokuwa juu ya bili lilikuwa la mwenye nyumba, naye kwa macho ya kampuni na ya mdhibiti ndiye aliyekuwa mteja. Sisi wapangaji tulilipa kila senti, lakini hatukuwa na akaunti wala namba ya kuandika juu ya barua. Jambo hili halijakwisha. Nenda upande wa magharibi wa jiji, Kawangware au Kangemi, utaona mikokoteni ya maji ikipita asubuhi. Mama anunuaye mtungi wa lita 20 hulipa zaidi kwa mbali sana kuliko tajiri wa Lavington alipavyo kwa kiasi kile kile bombani mwake. Yule wa Lavington, maji yakikatika, ana namba ya kupiga. Mama wa mtungi atamlalamikia nani? Mwenye mkokoteni? Huyo naye ananunua kwa mwingine.

Basi nyumba ya haki imejengwa, lakini mlango wake wafunguka kwa ufunguo wa mita, na wengi waishio kwa umeme na maji ya mwingine wanasimama nje. Ofisi za EPRA ziko Upper Hill. Kutoka River Road waweza kuuona mlima huo, na mtu mwenye afya aweza kuupanda kwa miguu. Kwa mpangaji asiye na bili, hata hivyo, ni mbali sana. Kizazi cha baba zetu kilimpata mwamuzi. Kazi iliyobaki, ambayo naona ni yenu ninyi mnaosoma sasa, ni kuwafikisha kwake watu wasio na jina kwenye karatasi, ama kwa kila chumba kupata mita yake, ama kwa sheria kumtambua mpangaji alipaye kuwa mteja kamili.

Kwa sasa liko jambo ambalo kila mmoja wenu aweza kulifanya jioni ya leo. Mwombe mzazi bili ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Zisome zote mbili mstari kwa mstari. Nenda kwenye mita, uziandike tarakimu zake katika daftari pamoja na tarehe, na ufanye hivyo tena baada ya majuma manne. Kama nyumbani mnanunua tokeni, andika ni shilingi ngapi zilizotolewa na ni yuniti ngapi zilizopatikana. Kama mwapanga, kubalianeni na jirani kuandika mnachotoa kila mwezi, na kwa adabu mwombeni mwenye nyumba awaonyeshe bili. Akikataa, andikeni pia kwamba amekataa, na siku aliyokataa.

Nilipokuwa na umri unaokaribia wenu sikuifanya kazi hiyo, na leo siwezi kuthibitisha hata shilingi moja kati ya zile nilizotoa katika ghorofa ya tatu. Naamini nilidhulumiwa, lakini imani si ushahidi, na mwamuzi mwema hawezi kunisaidia kwa imani. Wahenga walituachia neno ambalo kila mfanyabiashara wa River Road alijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Chukueni daftari.